Pawasaplai ya Fundi Kijana

Mzazi mmoja wa Himo ametuuliza kama ana udhuru wa kukopa kwa riba ili mwanawe, aliyehitimu ufundi wa elektroniki na kupata kibanda pale Njia Panda, anunue pawasaplai ya mezani. Kuhusu riba jibu analijua, na huenda ndiyo sababu ya kuuliza. Tunalopenda kumwonesha ni kwamba kifaa kinachomtosha kijana si kile kikubwa alichotuandikia.

Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa ukiwa mdogo, mfano wa ule wa betri, kwa kiwango anachokichagua fundi. Muuzaji amempendekezea ya volti 60 na ampea 10. Lakini kazi zitakazoletwa kibandani ni zipi? Ni simu, ambazo betri za nyingi kati yake zikijaa hufika volti 4.2, ni redio za mawe, ni redio za magari na taa za bodaboda, za volti 12. Kwa hayo yote volti 30 na ampea 5 zinatosha na kubaki. Kwa simu peke yake, volti 15 na ampea 2 hazipungui kitu.

Kisichofaa kuachwa kwa ajili ya bei ni kitufe cha kuweka kikomo cha mkondo. Fundi huweka volti 4, akagusanisha ncha za waya mbili, kisha akazungusha kitufe hicho hadi kioo kisome, tuseme, nusu ampea. Baada ya hapo hata simu yenye shoti ikiunganishwa, volti zitaanguka na mkondo hautavuka nusu ampea. Simu ile ni amana ya mtu, pengine ndiyo yenye fedha zake zote. Haifai iunguzwe na aliyepewa aiponye. Kioo nacho kisome angalau hadi sehemu ya mia ya ampea, kwani simu iliyozimwa ikianza kuvuta mkondo kabla ya kuwashwa, fundi amekwisha pata dalili ya kwanza ya ugonjwa wake.

Wapo wanaoshauri pawasaplai ya kompyuta ya mtumba. Ni rahisi kweli, nayo hutoa volti 3.3, 5 na 12. Hata hivyo haina kikomo hicho: njia yake ya volti 12 huweza kusukuma zaidi ya ampea 10 bila kujizima, na ndani yake kapasita hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Kwa anayeanza, hatuipendi.

Za transfoma ni nzito na hupata joto, ila hazileti kelele redioni. Zile nyepesi ni za bei nafuu, na kwa kazi ya simu hazina neno. Ya mtumba iliyo nzima tunaiona bora kuliko mpya ya mkopo.

Kijana aende dukani na maltimita yake pamoja na balbu ya breki ya gari, ya wati 21. Aweke volti 12, awashe balbu hiyo, ambayo huvuta karibu ampea 1.75, na aiache robo saa huku akipima. Maltimita ikisoma 10 ilhali kioo bado kinadai 12, amrudishie muuzaji kifaa chake.