KOMPYUTA ZA KESHO: NASI TUULIZWE



Kila mwaka wenye viwanda vya kompyuta hutangaza mashine mpya, na sifa ni zile zile: nyembamba zaidi, nzuri zaidi, yenye akili zaidi. Nani aliyewaomba wembamba? Kompyuta ya mezani haibebwi kichwani. Hukaa mezani, na mezani hapa kwetu Mbita kuna joto, vumbi, na vile vijidudu vya ziwa vijavyo kama moshi na kujaa ndani ya feni.

Sisi tuzitumiao twataka kwanza habari ya stima ifikiriwe. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Hiyo iliandikwa magazetini. Ya kwetu hukatika tu, wala haiandikwi. Mwenye kompyuta ya mkononi huendelea na kazi kwa kuwa ina betri. Karani wa mezani hupotewa na alichoandika. Mwisho wa Juni watu hujaa katika maduka ya saiba kupeleka hesabu za kodi. Fomu ikiwa nusu, kioo huwa cheusi, na lawama ni za kijana wa saiba. Basi kwa nini betri ya robo saa isitiwe ndani tangu kiwandani? Raspberry Pi 400 ya mwaka 2020 ni kompyuta nzima ndani ya kibodi, na stima inayokula ni kama ya kuchajia simu. Sisemi yafaa kila kazi, lakini yaonyesha kwamba njia iko.

Tena twataka mashine ya kufunguliwa. Sisi wa reli twajua jambo hili. Injini za dizeli za aina ya 93 zilikuja miaka ya 1970, na hazikudumu kwa uganga: kipande kikifa hutolewa, kikatiwa kingine. Kompyuta za mezani nazo zilikuwa hivyo. Fundi alikuja na bisibisi, akaongeza kumbukumbu, akabadili feni, kesho yake kazi. Siku hizi nyingine kumbukumbu imelehemiwa kwenye bodi. Mac mini zilizotoka tangu 2020 huwezi kuiongeza ukishanunua. Hata Framework, kampuni iliyopata jina kwa mashine za kurekebishika, ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 2025 ililehemu kumbukumbu, ikaeleza kwamba chipu ile yataka hivyo ili iende kasi. Haya, lakini kasi hiyo ni ya nani? Karani wa tiketi hana haja nayo.

Kisha kuna mashine nzima isiyo na kasoro ambayo hustaafishwa na mtu aliye mbali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta nyingi ambazo prosesa zao ni za zamani, hata kama zafanya kazi vizuri. Mwenye saiba aliyekopa kununua kompyuta 5 atafanyaje? Linux ni ya bure na huamsha mashine nyingi kama hizo, ila si kila programu ya ofisi hukubali humo. Mimi naona sandukuni paandikwe, kwa herufi kubwa, mashine hii itahudumiwa mpaka mwaka gani.

Pengine mtauliza, hii ni kazi ya chama? Ndiyo. Kuna mahali karani ameambiwa alipe kompyuta iliyouawa na stima. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi aliiharibu kwa kusudi, na kwa kiasi cha haki tu. Stima si kusudi la karani.

Kwa hiyo mkataba ujao ukiandikwa, naomba pawe na neno hili: kabla kompyuta za ofisi hazijanunuliwa, makarani waitwe wazijaribu juma zima, na fundi azifungue mbele yao.

Mfanyakazi wa Reli,
Mbita