Malezi Nyumbani: Kijana Aliyeomba Ruhusa ya Kwenda Msituni



Tumepokea barua kutoka Minneapolis, nchi ya Marekani, ya ndugu yetu mmoja aliyesoma chuoni kwetu alipokuwa mdogo. Mwanawe wa miaka 15 ameomba ruhusa ya kwenda kambi ya vijana kaskazini mwa jimbo la Minnesota, ambako watoto hukaa msituni wiki mbili wakisafiri kwa mitumbwi kutoka ziwa hata ziwa. Mama mtu amekataa kabisa. Baba amesita, naye atuuliza la kufanya.

Kabla ya kumjibu yafaa tueleze maisha hayo yalivyo, maana wengi wetu tukisikia neno kambi twafikiria mahema yaliyopangwa kiwanjani na mpishi jikoni. Mambo siyo hayo. Mahali penyewe paitwa Boundary Waters, mpakani mwa Marekani na Canada. Ni msitu wa ekari zaidi ya milioni moja, wenye maziwa zaidi ya 1,000. Sheria ya mwaka 1964 iliuweka katika hifadhi, na katika maziwa yake mengi mashua za mtambo zimekatazwa. Hakuna barabara ndani, wala duka, wala taa. Kundi moja haliruhusiwi kupita watu 9, na chakula cha kopo au cha chupa hakiingizwi, ili taka zisiachwe. Ng'ambo ya pili, upande wa Ontario, msitu waendelea vile vile.

Kambi za namna hii si jambo la jana. Iitwayo Keewaydin ilianza mwaka 1893, na Widjiwagan, iliyo ya YMCA, mwaka 1929. Lakini njia zenyewe ni za kale kuliko kambi zote. Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, walizipita kwa mitumbwi ya gome la mti lililoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu. Baadaye wakaja wachukuzi wa Kifaransa wa Canada, waliobeba ngozi za wanyama kwa ajili ya wafanyi biashara. Kila mmoja akijitwika mizigo miwili ya ratili 90 kila mmoja, kwa mkanda uliopitishwa kipajini. Kwenye njia iitwayo Grand Portage walitembea hivyo maili 8 na nusu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya safari hizi. Sisi tuliokulia pwani twadhani twaujua mtumbwi. Mtumbwi wetu hukokotwa mchangani hata majini, basi. Hatujapata kumwona mvuvi aliyejivika wake kichwani akapanda nao mlima. Huko ziwa moja likiisha, mtumbwi hutolewa majini, ukapinduliwa, akauchukua kijana mmoja juu ya mabega yake kwa mti uliopitishwa katikati, kichwa chake kikiwa ndani ya chombo, haoni ila miguu yake na mawe ya njiani. Mtumbwi wa aluminiamu wa futi 17 wafikia ratili 70 na zaidi. Wenzake hubeba mahema, sufuria na chakula, kisha hurudi kuchukua vilivyobaki. Wakifika ziwa la pili hupakia tena, wakashika makafi. Kwa siku moja huenda wakafanya hivyo mara nne au tano, na mbu wamewazingira. (Mbu wale hawana malaria, mama mtu asihangaike kwa hilo.)

Jioni hapana wa kupumzika. Huyu hutafuta kuni, yule huchota maji, mwingine husimamisha hema, na baada ya kula mfuko wa chakula hutundikwa tawini, mbali na mahema, kwa sababu ya dubu weusi. Kijana akiacha unga ukalowa, ni wenziwe wote watakaolala na njaa, naye atakula pamoja nao, akiwatazama nyuso.

Twasema kweli kwamba jambo hili limetuvutia. Nyumba zetu nyingi siku hizi huwalea vijana kama wageni. Mtoto wa miaka 15 huletewa sahani, huondolewa sahani, na akiulizwa ndoo i wapi hajui. Sisi wenyewe tumo katika lawama hiyo. Mwanetu wa mwisho alijifunza kuwasha jiko siku mama yake alipolazwa. Basi hatuwezi kumwambia ndugu yetu kwamba taabu peke yake ni sababu ya kumzuia kijana.

Lakini mama mtu naye hakukosea, wala woga wake si wa bure. Tarehe 11 Juni 1978, shule moja ya wavulana ya Ontario ilitoka na watoto 27 na walimu 4 katika mitumbwi minne, wakaingia ziwa Timiskaming. Upepo ukavuma, mtumbwi mmoja ukapinduka, na katika kuokoana mingine nayo ikapinduka. Watoto 12 na mwalimu mmoja walikufa. Baridi ya maji ndiyo iliyowaua, kwani mwezi Juni maziwa yale hayajawa na siku nyingi tangu barafu yake iyeyuke, na mwili wa mtoto hauistahimili. Watoto wale hawakukosa ushujaa. Shule ile ilijisifu kwa kuwafanya watoto wagumu, na tukiisoma khabari yake twajiuliza sisi walimu: ni mara ngapi tumemwita mtoto mvivu, kumbe mwili wake ulikuwa umekwisha? Mtoto husema "naweza" kwa sababu mwalimu amemtazama.

Kwa hiyo tumemwandikia ndugu yetu asiulize kwanza khabari za mtoto. Aulize khabari za wale watakaomchukua, kwani anawapa amana. Nani mkubwa wa msafara, na amepita njia hiyo mara ngapi? Koti la kuelea huvaliwa kila saa majini, au hukaliwa kama mto? Watoto hufundishwa kwanza kupinduka na kuokoana, karibu na ufuko? Simu nyingi hazishiki huko. Basi wana chombo gani cha kuitia msaada?

Ama ibada, asione uzito. Kila kundi lina dira, na kibla ya huko ni upande wa kaskazini mashariki. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa 3 za usiku na wekundu wake hukawia sana, nalo huchomoza karibu na saa 11 alfajiri. Lakini kijana ni msafiri anayehama kila siku, na katika madhehebu yetu ya Shafi ana ruhusa ya kukusanya Magharibi na Isha. Chakula ndicho cha kupatana mapema, maana katika mifuko mingi ya safari hizo nyama ya nguruwe ndiyo kitoweo cha asubuhi, na mkishaingia ndani hapana pa kununua kingine. Na kama kambi ni ya YMCA, chama kilichoasisiwa na Wakristo London mwaka 1844, aulize bila haya kama kuna ibada ya pamoja na kama mwanawe ataachwa na yake.

Swali moja tumelitia mstari. Aulize: upepo ukivuma na msafara umechelewa, hufanya nini? Wakijibu kwamba hushuka pwani wakangoja, hata siku mbili, na ratiba ikaharibika, twaona mama mtu aombwe afikiri tena. Wakijibu kwamba vijana wao hawaogopi mawimbi, kijana abaki nyumbani mwaka huu, akatafutiwe kambi nyingine mwakani.