Ukija Nakuru, lala hoteli ya zamani, ila ingia kwa mlango wa mbele

Kwetu Bondeni ukisema "hoteli", mtu anawaza chai ya maziwa, chapati mbili na madondo. Hoteli ya kulala ni mambo ya wageni. Kwa hivyo binamu yangu wa Mombasa aliponitumia meseji juzi kuuliza yeye na mkewe walale wapi wakija Desemba, Merica ama Midland, nilicheka kwanza. Nimezaliwa huu mtaa, tao naenda kwa miguu, na hizo hoteli zote mbili nazijua zaidi kwa nje.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu swali lake ni letu pia. Tangu 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jiji lazima liamue litawaonyesha wageni nini: vioo vipya, ama mawe ya zamani?

Wacha niwe mkweli, hoteli ya kisasa ina raha yake. Merica iko Kenyatta Avenue, ghorofa juu ya ghorofa, katikati kabisa ya tao. Ukishuka matatu, mkoba wako haujakuchosha na tayari umefika. Kama umekuja mkutano wa kazi, ama una mzazi ambaye magoti yamegoma, sina haja ya kukubembeleza. Chukua hoteli yenye lifti, ulale, uamke, uende zako. Hakuna dhambi hapo.

Lakini wengi wetu hatuchagui kisasa kwa sababu ya magoti. Tunachagua kwa sababu ya picha. Tunaogopa mtu aseme mahali tulipolala "pamechoka". Hapo ndipo nataka tubishane kidogo.

Usasa huisha haraka. Hilton ya Nairobi ilifunguliwa 1969, na wazee watakwambia lile jengo la mviringo ndilo lilikuwa sura ya Kenya mpya kwenye postikadi. Tarehe 31 Desemba 2022 ilifunga milango. Lakini Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, tayari ilikuwa mzee wakati Hilton inazaliwa, na ikabaki imesimama wakati Hilton inaondoka. Kitu kipya kina sifa moja tu, kwamba ni kipya. Siku kingine kikijengwa kando yake, sifa imekwisha. Cha zamani hakiwezi kunyang'anywa miaka yake.

Sasa rudi Nakuru. Reli ilifika hapa 1900. Midland ni ya 1906, yaani miaka sita tu baada ya treni. Hesabu mwenyewe ni majengo mangapi ya tao yanaweza kusema hivyo. Kila mwaka ukuta wa zamani unaanguka, linapanda jengo la vioo la kukodisha vibanda vya simu chini, na hakuna anayelia. Mwenye jengo la zamani hali sifa. Anakula hela ya chumba na ya meza. Tukimsifu mtandaoni na kulala kwingine, atauza, na hatutakuwa na haki ya kulalamika.

Najua utaniuliza: "Buda, hiyo historia si ilikuwa ya wazungu?" Ndiyo, na usikubali mtu akufiche. Nakuru ilikuwa mji wa walowezi. Hoteli kubwa za Kenya zilijengwa kwa ajili yao, na miaka mingi Mwafrika aliingia kama mpishi, dobi au mtumishi. Tarehe 16 Machi 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk wakajiunga kufyatua. Watu zaidi ya 20 walikufa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Kwa hivyo mtu akikuuzia "enzi za kale" kama picha tamu ya kofia na chai ya saa kumi, muulize nani alikuwa anabeba hiyo chai.

Lakini kumbuka pia kwamba ni hapa Nakuru, 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta aliketi na walowezi na kuwaambia kila upande usamehe na waendelee kulima. Ukubali alivyosema au ukatae, ilitokea kwetu. Tukibomoa kila kilichoona siku hizo, tutabaki na hadithi bila mahali pa kuonyesha kidole.

Mimi nina sababu yangu pia. Nyanya yangu ameishi Bondeni maisha yake yote, na hajawahi kuketi kwenye hoteli kubwa ya tao hata kwa kikombe kimoja. Enzi za ujana wake hakuruhusiwa. Baadaye aliruhusiwa, lakini hakuna aliyemwambia. Na mwaka jana mimi mwenyewe nilisimamishwa langoni pa hoteli moja na soja akaniuliza, "Unaenda kuona nani?" Nilikuwa naenda kunywa chai. Sikuwa na jibu la haraka, nikarudi. Hiyo aibu bado inaniwasha, kwa sababu sheria ilishatoka zamani lakini miguu yangu bado inaitii.

Basi binamu nilimjibu hivi: lala Midland. Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Fungua maji ya moto uyashike kwa mkono, usiambiwe tu yapo. Uliza kama kuna jenereta. Omba chumba kisichotazama barabara, maana Ijumaa tao haina usingizi. Beba sweta, Nakuru usiku si Mombasa. Kama kuna kitu kibovu, sema hapo hapo mapokezi kwa heshima. Uzee wa jengo si ruhusa ya bomba kuvuja.

Na wewe wa mtaani ambaye huna hela ya chumba, kama mimi, bei ya chai unayo. Jipange na mtu mmoja, vaa unavyovaa siku zote, pita langoni. Ukiulizwa unaenda kuona nani, sema umekuja kuketi.

Mimi nimeshaamua. Binamu akifika, asubuhi ya kwanza nitamchukua nyanya Bondeni, tutembee polepole mpaka huko. Ataagiza yeye.