Sanaa kama akiba: funzo la India kwa mwenye faranga Bujumbura

Tarehe 19 Machi 2025, kampuni ya mnada ya Christie's iliuza jijini New York mchoro wa M. F. Husain, "Gram Yatra", kwa dola milioni 13.75. Bei hiyo ilivunja rekodi ya mnadani ya sanaa ya kisasa ya India. Husain aliuchora mwaka 1954, na kwa miongo mingi ulikuwa mali ya hospitali mjini Oslo.

Habari ya namna hiyo haiwezi kupita kimya Bujumbura. Mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga kutoka takriban 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Mwenye akiba akatafuta kitu kisichoyeyuka: kiwanja, saruji au bidhaa za kuuza Buyenzi. Je, mchoro nao unaweza kuhifadhi mali?

India yenyewe inatoa jibu la tahadhari. Mwaka 2006, mfuko wa uwekezaji wa Osian's ulikusanya zaidi ya rupia bilioni moja kwa ajili ya kununua kazi za sanaa. Ulipofika wakati wa kuwalipa wawekezaji, mwaka 2009, msukosuko wa fedha duniani ulikuwa umewafukuza wanunuzi. Michoro ilikuwepo, lakini fedha taslimu zilikosekana; malipo yakachelewa, na mdhibiti wa masoko ya mitaji akaingilia kati.

Afrika Mashariki nayo imeonja utamu wa soko hilo. Mnamo Novemba 2019, mchoro wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, uliuzwa na Sotheby's kwa takriban dola milioni 1.5, ilhali ulikadiriwa kutozidi dola 70,000. Hata hivyo, katika mnada wa aina hiyo faida humwendea anayeuza, si mchoraji.

Upande wa pili ni Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliuza michoro yake kwa bei ndogo huko Oyster Bay. Mtindo wake umeigwa na wengi, na asiye mtaalamu hawezi kuitofautisha kwa urahisi kazi ya mkono wake na ya waliomfuata. Bila uthibitisho huo, bei kubwa haipatikani.

Kinachoupa mchoro thamani ya kudumu, basi, ni mambo yaliyouzunguka: hati za umiliki, makumbusho, wahakiki na minada inayotangaza bei. Nairobi ilianza kujenga msingi huo mwaka 2013, Circle Art ilipofanya mnada wake wa kwanza. Bujumbura, mchoro au kinyago bado huuzwa kwa maelewano ya watu wawili, na bei yake haiandikwi popote. Anayetaka kukiuza kesho ili alipe karo au matibabu hana pa kuulizia thamani yake.

Kwa hiyo, fedha ya dharura isiwekwe ukutani. Mwenye ziada anaweza kununua kazi anayoipenda, akadai stakabadhi yenye jina la msanii, mwaka na sahihi, na kuitunza. Karatasi hiyo humlinda mnunuzi leo. Zikiwa nyingi, ndizo zitakazowawezesha wasanii wa Burundi kuwa na soko lao.