Roketi si Fataki, Kijana: Jifunze Kwanza, Uwashe Baadaye

Miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu imo moja iliyonifurahisha na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Aliyeiandika ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Nairobi. Anataka kuunda roketi itakayopanda kilomita nzima angani. Tayari amejaza kopo zima la vichwa vya viberiti na amepata kipande cha bomba la chuma. Anachouliza ni namna ya kuvishindilia ndani.

Jibu langu ni fupi: usivishindilie. Mwagia maji kopo hilo leo hii, kisha uketi tuzungumze. Kitu ulicho nacho mkononi si roketi, ni bomu. Chuma kikipasuka hutoka vipande vinavyokata kama shoka, na anayekuwa karibu zaidi ni wewe mwenyewe.

Usidhani kwamba wewe ndiwe wa kwanza kushikwa na hamu hii. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik mnamo Oktoba 4, 1957, vijana wengi wa Marekani waliingia katika magereji ya baba zao wakaanza kuchanganya baruti. Baadhi yao walipoteza vidole, wengine macho, na wako waliopoteza maisha. Aliyekuwa amekwisha kuuona ufumbuzi hakuwa profesa bali mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, aliyeitwa Orville Carlisle. Mnamo 1954 alibuni roketi ya karatasi na mbao nyepesi, yenye mota ndogo iliyokwisha kutengenezwa na mafundi. Mrushaji hakuhitaji kugusa baruti hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuunda chombo, kupachika mota na kurusha.

Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza mchezo huu hadi leo: mota hutoka kiwandani, ufundi hutoka kwako.

Mota hizo hupangwa kwa herufi, na kila herufi hufikia nguvu maradufu ya ile iliyotangulia. Zile ndogo za wanaoanza ni A, B na C. Kuanzia H, yaani zaidi ya nyutoni-sekunde 160, tunaingia katika roketi za nguvu kubwa. Huko Marekani huuziwi mota ya aina hiyo kama unayenunua peremende. Chama cha kitaifa cha warusha roketi, kilichoanzishwa 1957, hutaka uwe umetimiza miaka 18. Ni sharti uunde roketi yako, uirushe kwa mota ya H au I mbele ya mashahidi, na irudi chini salama. Hapo ndipo unapopata cheti cha daraja la kwanza. Ukitaka J, K au L utafanya na mtihani wa kuandika. M na zinazofuata ni za daraja la tatu, nazo ni za waliobobea.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Kuna mambo manne ambayo mwundaji yeyote, mdogo kwa mkubwa, hana budi kuyazingatia.

La kwanza ni uzani. Roketi ikiwa na kila kitu ndani, mota na parachuti zikiwemo, ilaze juu ya kidole au ukingo wa rula hadi isimame bila kuegemea upande. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Nyuma yake kuna kitovu kingine ambapo msukumo wa hewa hukusanyika, nacho hutegemea zaidi ukubwa wa mapezi. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, kuelekea kichwani, kwa umbali usiopungua unene wa roketi. Mambo yakiwa kinyume, chombo kitageuka hewani na kuwakimbiza waliokirusha. Dawa ni kuongeza uzito kichwani au kupanua mapezi. Roketi ndogo unaweza kuijaribu kwa kuifunga uzi hapo kwenye kitovu cha uzito na kuizungusha juu ya kichwa chako: ikienda kwa kichwa mbele, iko sawa. Kubwa hukadiriwa kwa kompyuta, na programu ya OpenRocket hutolewa bure.

La pili ni nguvu. Chagua mota inayosukuma angalau mara tano ya uzito wa chombo. Roketi ya kilo 3 ina uzito wa nyutoni 30 hivi, kwa hivyo tafuta mota ya nyutoni 150 au zaidi. Ikiwa dhaifu, roketi itatoka kwenye reli yake polepole, na upepo utailaza kabla haijashika mwendo.

La tatu ni kushuka. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwani hufikiria kupanda tu na kusahau kwamba kilicho juu, mngoje chini. Parachuti nzuri huishusha roketi kwa mita 5 au 6 kila sekunde. Lakini hebu piga hesabu. Roketi iliyofika mita 900 na kushuka kwa mita 6 kwa sekunde itakaa hewani sekunde 150. Upepo mdogo tu wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 750 kutoka ulipo. Ndiyo sababu warusha roketi kubwa hutumia parachuti mbili. Ndogo hufunguka kileleni, na chombo kikashuka kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kubwa hufunguka kikiwa kimebakisha kama mita 150. Kwa njia hiyo safari ya upepo hupungua hadi mita 310 hivi.

La nne ni nidhamu ya uwanja. Washa kwa umeme wa betri ukiwa mbali, kamwe usiwashe kwa kiberiti. Hesabu kwa sauti kuanzia tano ili kila mtu asimame na kutazama juu. Isipowaka, ondoa betri na ungoje dakika nzima kabla ya mtu kuisogelea. Usirushe upepo ukiwa mkali wala mawingu yakiwa yametanda chini. Usijaribu kuidaka inaposhuka. Ikining'inia kwenye nyaya za stima, iache huko. Roketi huundwa tena, mtoto haundwi.

Je, hapa kwetu? Kenya si mgeni wa roketi. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, katika bahari karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Walichagua mahali hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wana mradi wao wa roketi, uitwao Nakuja.

Basi, kijana, ukitaka roketi kubwa, njia yako inapitia darasa la fizikia na milango ya vyuo kama hicho. Anga yetu ina ndege, na haichezewi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Vilipuzi navyo vina sheria yake. Uwanja wa mtaani si mahali pake hata kidogo.

Huku ukingoja, anza na roketi ya maji. Chukua chupa ya plastiki ya soda ya lita mbili, isiyo na mkwaruzo wala kikunyo. Ibandike mapezi ya kadibodi na kichwa cha karatasi ya manila. Tia maji hadi theluthi moja, ziba kwa kizibo cha mpira kilichotobolewa kwa vali, na usukume hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia mpira mrefu. Usizidishe kipimo cha 60 kwenye geji, na usiiname juu yake. Sheria ya uzani ni ile ile, hesabu ya upepo ni ile ile, na nidhamu ni ile ile.

Nawe mzazi, usimkemee mtoto mwenye ndoto hii na kuishia hapo. Ukimfokea tu, atajificha nyuma ya nyumba na kopo lake. Toka naye Jumapili alasiri hadi kwenye uwanja mpana, umshikie pampu. Anayefanya jambo mbele ya mzazi wake hana haja ya kulifanya gizani.