Bawabu wa Tumbo



Mzee mmoja wa Kamachumu ameuliza swali zuri: "Mnasema tumboni mna asidi iyeyushayo nyama ya mbuzi. Na tumbo lenyewe si nyama? Mbona halijiyeyushi?" Basi leo na tumjibu, maana katika jibu hilo imo afya ya wengi wetu.

Mwenye kibanja anajua kwamba udongo ukiachwa wazi, mvua huuchukua. Kwa hiyo hutandaza nyasi chini ya migomba. Tumbo nalo lina tandazo lake. Tukitazama kwa hadubini kipande chembamba cha ukuta wake, twaona vishimo vidogo vidogo visivyohesabika. Chembe hai zilizojipanga humo hutoa ute mzito unaofunika ukuta wote. Chini ya vishimo mna tezi: nyingine hutoa asidi, na zile za karibu na mwisho wa tumbo hutoa ute zaidi. Chembe za juu hazidumu. Baada ya siku chache huondoka, na mpya hushika nafasi zao.

Mwisho wa tumbo pana mlango. Ni msuli wa mviringo, mnene kuliko misuli ya jirani, nao Wagiriki waliuita kwa neno lenye maana ya bawabu. Ndizi na maharage yakisagika kama uji, bawabu hupitisha kidogo kidogo. Vipande vikubwa hurudishwa vikasagwe tena.

Ukivuka mlango huo, mambo hubadilika ghafula. Upande wa tumbo ni vishimo. Upande wa pili ni vidole vidogo mno, virefu nusu milimita hadi milimita moja, vimesimama kama nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula. Huu ndio mwanzo wa utumbo mwembamba, ambao watu wa kale waliupima kwa upana wa vidole 12. Chini ya utando wake zimejificha tezi alizozieleza mganga Johann Conrad Brunner wa Uswisi mwaka 1687. Tezi hizo hutoa ute uzimao ukali wa asidi, kama magadi yapozavyo uchachu.

Je, ni nani avunjaye ulinzi huu? Zamani lawama zilikuwa juu ya pilipili na mawazo. Lakini mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukuza kijidudu kilichokuwa kikiishi chini ya ute wa tumbo. Huitwa Helikobakta pilori, na jina lake la pili limetokana na huyo bawabu wetu. Mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe, tumbo lake likawaka uvimbe. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Asidi ikizidi kumwagika ng'ambo ya mlango, utando wa utumbo hubadilika ukafanana na wa tumbo. Kijidudu hukaribia hapo, na kidonda huanza. Adui wa pili ni dawa za maumivu, kama asprini na diklofenaki. Mtu aliyebeba magunia ya kahawa akameza vidonge hivyo kila siku kwa ajili ya mgongo, hupunguza ule ute umlindao.

Basi, ndugu, msiridhike na dawa ya kupoza kiungulia mwaka hadi mwaka. Nendeni mkapimwe. Kijidudu kikionekana, mganga hutoa dawa za kukiua pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili. Zimalizeni zote, hata kama maumivu yamekoma siku ya tatu.

Tena sikilizeni vizuri. Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo: Rubya, Kagondo, Ndolage, au Bukoba mjini, yoyote iliyo karibu. Akitapika chakula cha jana, huenda makovu yameziba mlango, naye asikawie. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutazama ndani kwa mpira wenye kamera.

Mzee wetu wa Kamachumu, umepata jibu: tumbo halijiyeyushi kwa sababu lina tandazo. Nasi tulitunze, kama tutunzavyo kibanja.

Kwa herini, hadi juma lijalo.