Ngozi ikipauka, anza na maji kabla ya mafuta

Inasemekana kuwa jina Nakuru limetokana na lugha ya Kimaasai, maana yake mahali penye vumbi. Anayeishi hapa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kuanzia Januari hadi Machi upepo mkavu huvuma, na vumbi likaingia hadi kwenye kabati la vyombo. Kisha huja baridi ya Juni hadi Agosti, kila mtu akakimbilia maji moto na jiko la makaa. Hatuna theluji kama Ulaya, lakini mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Molo wako juu zaidi. Si ajabu basi mtu akijikuna mguu, ukucha unaacha mstari mweupe kama chaki ubaoni.

Majuzi jirani yangu alinijia na mfuko uliojaa chupa.

"Dada yangu, nimenunua mafuta ya kila aina," akasema. "Huyu kijana halali usiku kwa kujikuna, na shuleni wenzake wamembandika jina la Majivu. Sasa hataki hata kuvaa kaptura."

Mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Chini ya mfuko nikaona tyubu ndogo isiyo na maandishi yoyote, aliyouziwa na mchuuzi kuwa ni "dawa ya ngozi zote". Kwa bahati, alikuwa hajaifungua.

Nilimuuliza mtoto huoga vipi. Alinieleza: maji yanayotoa mvuke, sabuni ya kufulia, dodoki, kisha huketi kando ya jiko mpaka akauke. Mafuta hupakwa baadaye, akiwa tayari kuvaa sare. Msomaji mpendwa, huenda hata kwako ni hivyo hivyo, na hapo ndipo kosa lilipo.

Ngozi ni kama ukuta wa mawe. Chembechembe zake ndizo mawe, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo simiti. Maji ya moto sana na sabuni kali huondoa simiti hiyo, na maji yaliyo ndani ya ngozi yakapotea hewani. Mafuta tunayojipaka huzuia maji yaliyomo yasitoke, lakini hayaleti maji mapya. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka, umefunika sufuria tupu.

Kwa hivyo fuata utaratibu huu:

1. Oga maji ya vuguvugu, kwa dakika 5 hadi 10 tu.

2. Tumia sabuni laini isiyo na manukato makali. Povu lipeleke kwapani, mapajani, nyayoni na penye uchafu. Dodoki liweke kando.

3. Jipanguse kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika 3 hazijapita, jipake mafuta mwili mzima.

4. Mafuta mazito ya petroli, yale ya mgando yasiyo na manukato, yanatosha kabisa. Bei kubwa haiongezi kinga. Ukipenda glisirini, ichanganye na maji kidogo, kisha ufunike kwa mafuta mazito.

5. Kwa magaga, loweka miguu dakika 10, paka mafuta mazito, kisha lala na soksi za pamba. Usikate magaga kwa wembe.

6. Sweta ya sufu ikiwasha, vaa shati la pamba ndani yake. Midomo ikikauka, ipake mafuta badala ya kuilamba.

7. Usiote moto karibu mno. Na kamwe usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua.

Kunywa maji ni vizuri kwa afya, lakini peke yake hakutaponya ngozi iliyopauka.

Je, ukifanya haya yote kwa wiki mbili na hali isibadilike? Basi huenda si ukavu wa kawaida. Ukurutu huwashika watoto wengi, hasa mikunjoni mwa viwiko na magoti. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa mtu mweusi mara nyingi huonekana nyeusi zaidi au ya kijivu, nene na yenye vipele vidogo. Duara lenye magamba pembeni huenda likawa choa. Nyumba nzima ikijikuna usiku, shuku upele. Ngozi ikitoa maji au usaha, au mtoto akipata homa, usingoje: mpeleke kwa daktari.

Tuirudie ile tyubu. Baadhi ya krimu zinazouzwa kiholela zina steroidi kali au zebaki. Steroidi ni dawa ya kweli daktari akiiandika na kueleza kipimo, lakini ikitumiwa ovyo hukondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Zebaki hudhuru figo, na inaweza kumfikia hata mtoto mchanga anayebebwa na aliyejipaka. Dawa isiyotaja kilichomo ndani yake, usimpake mwanao.

Jirani yangu aliitupa. Kliniki walimwambia kijana ana ukurutu, wakampa dawa ya siku chache na kumhimiza asiache mafuta mazito kila baada ya kuoga. Wiki iliyopita nilimwona akipita mlangoni kwangu akikimbiza mpira. Alikuwa amevaa kaptura.

Tukutane Jumapili ijayo.